Kitenzi Kilichozaliwa na Fumbo

Mtoto wa skuli anapoanza Kiingereza, miongoni mwa vitenzi vya mwanzo anavyofunzwa ni read. Huambiwa maana yake ni kusoma, na maneno yakaishia hapo. Kinachomtatiza ni matamshi tu: wakati uliopo hutamkwa "riid", uliopita "red", na maandishi ni yale yale. Walakini kitenzi hiki hakikuzaliwa na kitabu mkononi.

Katika Kiingereza cha kale kiliandikwa rædan, nacho kilibeba maana ya kushauri, kutawala, kukisia, na kufumbua kilichofumbwa, ikiwa ndoto au kitendawili. Nduguye wa Kijerumani, raten, hata leo ni kushauri na kubahatisha. Ama kusoma, Wajerumani husema lesen, ambalo pia ni kuokota na kuchuma. Na lire ya Wafaransa imetokana na legere ya Kilatini, yaani kukusanya. Hao husoma kama mtu aliyeingia shambani na pakacha. Mwingereza wa kale alipozikabili alama zilizochorwa, alilitumia neno la mwenye kutegewa kitendawili.

Maana ya ushauri imebaki katika kisa cha mfalme Æthelred, aliyefariki mwaka 1016. Jina lake ni "shauri bora". Watu wa baada yake wakampachika lakabu ya Unræd, "asiye na shauri", tashtiti iliyochezea jina lenyewe. Neno la kale liliposahaulika, lakabu ikageuka Unready, "asiye tayari", na ndivyo anavyojulikana hadi leo. Masikini, hata mzaha wenyewe umempotea.

Kitendawili nacho kiliitwa rædels. Ile s ya mwisho ilikuwa sehemu ya neno. Wasemaji wakaidhania alama ya wingi, wakaidondosha, likabaki riddle. Waswahili wasicheke: wamelipokea kitab la Waarabu, wakaidhania ki yake ni ya ngeli, vikazaliwa vitabu.

Katika kanisa kuu la Exeter mna kitabu kilichonakiliwa karne ya 10 na kuachwa hapo na askofu Leofric, aliyefariki 1072. Kina vitendawili zaidi ya 90, wala majibu hayakuandikwa. Baadhi wataalamu wangali wakiyabishania. Kimoja kinasimulia habari za mdudu aliyekula maneno ya watu gizani kama mwizi, asipate hekima hata chembe. Herufi zote kazipitia, lakini kwa maana ya rædan, hakusoma kitu.

Hapa ndipo mfasiri hutokwa na jasho. Mwingereza akisema mtu anaread sheria chuo kikuu, Kiswahili hakina tabu: anasoma sheria. Lakini Mwingereza huyo huyo huread ndoto, kiganja, uso na mawingu, na soma peke yake haitoshi kila mahali. Pwani ina agua, bashiri, tambua, fumbua. Mfasiri anayetandaza soma kila anapoiona read amefanya kazi ya yule mdudu. Aulize kwanza ni lipi lililofichwa katika sentensi, na nani anataka kulijua. Kwani barazani, malenga akitupiwa shairi la fumbo, halisomi kwa sauti nzuri akakaa kitako. Wenziwe hubaki wakimtazama mpaka alifumbue.