Programu na mipangilio yake katika taswira moja ya kontena

KILA mwezi takwimu za vituo vya tiba wilayani Bagamoyo, vikiwamo vya kata ya Mapinga iliyo kando ya barabara itokayo Dar es Salaam, hujumlishwa kutoka vitabu vya MTUHA na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo uliasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wake wa miaka mingi.

DHIS2 haijitegemei. Inahitaji Java, seva ya Tomcat, kanzidata ya PostgreSQL na faili la mipangilio, dhis.conf, linaloeleza kanzidata iko wapi na hufunguliwa kwa nywila gani. Toleo la Java likitofautiana na lililotarajiwa, programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri mezani kwa fundi hugoma ikifika kwenye seva. Kero hiyo ndiyo iliyoipa umaarufu mbinu ya kontena, hasa baada ya programu ya Docker kutolewa hadharani mwaka 2013.

Msingi wa kontena ni taswira, yaani kifurushi kisichobadilika chenye programu na vyote inavyovitegemea. Taswira ikiwashwa ndipo huitwa kontena. Kwa kuwa hutumia kiini cha Linux cha seva inayolibeba, kontena huanza kazi upesi kuliko kompyuta nzima.

DHIS2 ina taswira yake rasmi, dhis2/core. Anayetaka kuongeza mipangilio yake huandika faili liitwalo Dockerfile. Mstari wa FROM hutaja taswira ya msingi pamoja na namba ya toleo (asiyeitaja namba hiyo asishangae mwakani akipata kitu kingine), na mstari wa COPY hunakili, kwa mfano, faili la server.xml la Tomcat. Amri ya docker build hukamilisha kazi.

Kishawishi ni kunakili na dhis.conf vilevile. Taswira hujengwa kwa matabaka. Faili lililowekwa katika tabaka moja na kufutwa katika linalofuata bado limo, na yeyote mwenye taswira hiyo anaweza kulifukua. Tena taswira huhifadhiwa katika ghala za mtandaoni, nyingine zikiwa wazi kwa umma. Kwa hiyo faili lenye nywila hubaki kwenye seva na kupachikwa kontena linapowashwa.

Kanzidata nayo iwe na hifadhi iliyo nje ya kontena, kwani yaliyoandikwa ndani hupotea kontena linapofutwa, na takwimu za miezi kadhaa zaweza kwenda nalo.

Fundi aliyekwisha kuipakia nywila ndani ya taswira hana budi kuibadilisha katika kanzidata yenyewe. Kuifuta taswira hakutoshi, maana nakala zake huenda zimekwisha kuchukuliwa.