Taa Iliyofika Silibwet Kabla ya Kuchambuliwa

Mwishoni mwa miaka ya 2000, watafiti kutoka Marekani walizunguka mjini Kericho, katika kituo kidogo cha biashara cha Brooke kilichozungukwa na mashamba ya majani chai, na huko Talek karibu na mbuga ya Maasai Mara, wakiwauliza watu habari ya tochi zao. Walikuwa wa mradi wa Lumina, ulioendeshwa na maabara ya Lawrence Berkeley ya California pamoja na Chuo Kikuu cha Humboldt State. Wengi wa waliohojiwa walikuwa wamepata shida na tochi ndani ya miezi 6 iliyotangulia. Swichi zililegea, betri zilikwisha upesi, vitaa vilififia hata kabla mwenye tochi hajaizoea.

Tochi zenyewe zilikuwa za LED, za bei rahisi, zilizotoka China na kuuzwa kila kibanda. Watafiti walikuwa na sababu ya kuhangaika. LED ndiyo iliyotarajiwa kuyaondoa mafuta taa vijijini, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mkulima aliyetupa tochi mbovu mbili angeamini vipi taa ya sola ya LED yenye bei kubwa zaidi? Kwangu mimi, uchunguzi ule mdogo ni mahali pazuri pa kuanzia historia ya maikroLED, teknolojia ya skrini ambayo kampuni za Asia, Ulaya na Marekani zimeimwagia mabilioni ya dola. Swali lililoulizwa Kericho ndilo lililozitoa jasho kampuni hizo: chipu ipi ya LED ni nzima, na nani ameichambua?

Chukua Silibwet, kilomita chache kutoka mji wa Bomet: ilikuwa na mwanga wa aina mbili kwa muda mrefu. Jirani yake ni Hospitali ya Tenwek, ambako Dkt. Ernest Steury alifika mwaka 1959 akiwa daktari wa kwanza wa hospitali hiyo. Mwaka 1987 hospitali ilianza kuzalisha umeme wake kwa maporomoko ya mto Nyangores, ikawa na taa za kufanyia upasuaji usiku. Katika nyumba nyingi za wakulima wa chai, usiku ulibaki wa koroboi: mkebe, utambi, moshi, na daftari la mtoto lenye masizi pembeni. Serikali ilipoanzisha mpango wa kusambaza umeme hadi maili ya mwisho mwaka 2015, ada ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Lakini kabla nguzo hazijafika, LED ilikuwa imeshatangulia.

Ilitoka mbali. Mwaka 1907 mhandisi Mwingereza, Henry Round, aliyefanya kazi na kampuni ya Marconi, aliona kipande cha kabaidi ya silikoni kikitoa mwanga kilipopitishiwa umeme. Aliandika barua fupi katika jarida, jambo likaishia hapo. Mrusi Oleg Losev aliuchunguza mwanga huo kwa makini zaidi katika miaka ya 1920. Mwaka 1962, Kenya ikiwa imebakisha mwaka mmoja kupata uhuru, Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric alitengeneza LED nyekundu iliyoonekana kwa macho. Baadaye zikaja za kijani na manjano, zikatumika kwenye redio na kikokotoo. Ya buluu ilikataa kata kata, na bila buluu huwezi kupata mwanga mweupe.

Hapa pana kisa kinachostahili kusimuliwa pole pole. Ili kupata buluu walihitaji gali naitraidi, madini yasiyokubali kuota vizuri juu ya kitu kingine. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano walihangaika nayo mjini Nagoya. Katika mji wa Anan, mkoa wa Tokushima, Shuji Nakamura aliifuatilia ndani ya kampuni ya Nichia, iliyokuwa ikijulikana kwa unga unaong'aa wa taa na runinga. Aliibadilisha tanuri yake mwenyewe: gesi moja ikapita ubavuni na nyingine ikashuka kutoka juu, ili zitue kwa usawa juu ya kisahani chembamba cha yakuti samawi kilichopashwa moto wa zaidi ya nyuzi 1,000. Kisahani hicho ndicho wenye kazi hii wanakiita wefa. Mwaka 1993 Nichia ikatangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali. Miaka michache baadaye ikaipaka unga wa manjano, ikapatikana nyeupe. Nakamura alilipwa bonasi ya yeni 20,000, fedha ambazo hazikutosha kununua hata tiketi ya ndege ya maana. Aliishtaki kampuni, na mwaka 2005 wakaafikiana kwa yeni milioni 840. Mwaka 2014 yeye, Akasaki na Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Wefa moja hukatwa ikatoa maelfu ya chipu, lakini chipu hizo si ndugu wa kufanana. Joto likipungua kidogo upande mmoja wa tanuri, rangi hubadilika. Tabaka likiwa nene mahali fulani, mwanga hupungua. Kwa hiyo kila chipu hupimwa na kutengwa kwa rangi, ukali na nguvu ya umeme inayohitaji. Mtu wa Bomet hahitaji kuelezwa sana jambo hili: kiwandani Kapkoros, majani yaliyochunwa asubuhi moja hutoka upande wa pili yakiwa yamechekechwa kuwa BP1, PF1, PD na D1, kila daraja na bei yake mnadani Mombasa. Chipu bora huenda kwenye taa za magari na runinga. Za mwisho huenda popote patakapopatikana mnunuzi asiye na kipimo, na mnunuzi huyo kwa miaka mingi tulikuwa sisi. Vitaa vidogo vya milimita 5 vilivyojazwa kwenye tochi za bei rahisi vilionekana maabarani vikipoteza mwanga wao haraka, na ubuluu wa mwanga huo ulikuwa mwanga wa chipu unaopenya unga wa manjano usiotosha.

Dawa haikuwa teknolojia mpya bali kipimo. Benki ya Dunia na shirika lake la IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa mwaka 2007, Kenya na Ghana zikiwa nchi za majaribio, wakaweka viwango na kuzipima taa kabla ya kuzipendekeza. Mwaka huo huo kampuni ya d.light ilianzishwa, M-KOPA ikafuata sokoni mwaka 2012 na taa za sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Koroboi ikaanza kustaafu. Ningesema mapinduzi haya yamesifiwa kidogo kuliko yanavyostahili, labda kwa sababu hayakuwa na waziri wa kuyazindua.

Wakati Kericho ikilalamikia tochi, watu wengine walikuwa wameshaanza kuipunguza LED isiwe taa tena bali nukta. Mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Hongxing Jiang na Jingyu Lin walichonga LED ndogo kiasi cha kuzipanga nyingi pamoja zikawa kioo cha kuonyeshea maandishi. Wazo ni jepesi kulieleza. Kioo cha simu ya kawaida ya LCD kina taa nyuma na pazia mbele. Cha OLED kinatumia kemikali za kaboni zinazowaka zenyewe lakini huchakaa. MaikroLED hutumia hasa madini yale yale ya gali naitraidi, kila nukta ikiwa LED yake, isiyozidi mikromita 100 na mara nyingi ndogo zaidi. Mwanga mkali, weusi wa kweli, maisha marefu.

Sony ilionyesha runinga ya inchi 55 mwaka 2012 yenye LED milioni 6 hivi, kisha haikuiuza majumbani. Samsung ilileta ukuta wa inchi 146 mwaka 2018, na mwishoni mwa 2020 ikatangaza runinga ya inchi 110 kwa bei ya karibu dola 156,000 za Marekani. Bei hiyo haikutokana na tamaa peke yake. Piga hesabu: skrini ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, na kila moja inataka nyekundu, kijani na buluu. Hizo ni LED 24,883,200 za kuhamishwa kutoka kwenye wefa na kubandikwa mahali pake. Ukifaulu kwa asilimia 99.99, ambayo kwa kazi nyingi za binadamu ni sifa kubwa, bado una nukta 2,488 zilizokufa, na jicho linaziona. Kuchambua kunageuka kuwa tatizo la kutisha, maana huwezi kupima chipu milioni 25 moja moja na kutupa mbovu kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Kila kampuni ilijaribu njia yake. LuxVue ilinyanyua chipu kwa umeme tuli. Apple ikainunua mwaka 2014. X-Celeprint ilitumia muhuri laini wa mpira. eLux ilizimwaga chipu ndani ya maji zitumbukie zenyewe vishimoni. PlayNitride ya Taiwan ilijikita katika kuzalisha na kuhamisha, Aledia ya Ufaransa ikaotesha nyuzi nyembamba juu ya silikoni badala ya yakuti, Plessey ya Plymouth, Uingereza, ikageukia miwani ya Facebook. Jade Bird Display ya China ilikwepa uhamishaji kabisa: inabandika wefa nzima ya LED juu ya wefa ya saketi, ikapata kioo kidogo kuliko ukucha, kwa ajili ya miwani. Nadhani ndiyo iliyosoma hesabu vizuri kuliko wote.

Pigo kubwa lilikuja Februari 2024. Kampuni ya ams Osram ya Austria ilikuwa imejenga kiwanda cha wefa za inchi 8 huko Kulim, Malaysia, kwa kutegemea mteja mmoja mkuu ambaye haikumtaja, lakini sekta nzima ilijua ni Apple na saa yake. Mteja akafuta mradi. Ams Osram ikakadiria hasara ya thamani ya mali kati ya euro milioni 600 na 900.

Afrika Mashariki haimo katika orodha hiyo ya kampuni. Iliyo karibu nasi zaidi ni Semiconductor Technologies Limited ya Anthony Githinji, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Rais William Ruto alipozuru Washington Mei 2024, Marekani ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya katika sekta ya semikondakta kupitia fedha za sheria yake ya chipu. Chipu za Nyeri si LED, na ningemshuku yeyote anayetuahidi runinga ya Nyeri hivi karibuni. Lakini chumba kisafi cha kuchakata semikondakta kinafundisha kazi ile ile tuliyokosa wakati wa tochi, yaani kupima.

MaikroLED ikifika Bomet, pengine itakuja mkononi mwa mwanariadha. Septemba 2025 Garmin ilitangaza Fenix 8 Pro ya maikroLED, saa yenye LED zaidi ya 400,000 na mwanga wa niti 4,500, unaosomeka vizuri chini ya jua la saa sita. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 1,999.99, zaidi ya shilingi 250,000. Chaji yake hudumu hadi siku 10. Ya saa ya kundi lilo hilo yenye kioo cha OLED, hadi siku 27. Teknolojia iliyosifiwa kwa kubana umeme inaula zaidi, na moja ya sababu zinazojulikana iko kwenye wefa: chipu inapokatwa ndogo mno, kingo zake zilizojeruhiwa na mkato huwa sehemu kubwa ya mwili wake, na umeme unaopita kingoni hugeuka joto badala ya mwanga.