Njaa Iliyoitwa Mtunya

Wagogo huzipa njaa majina. Ile ya mwaka 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya, yaani kugombania, watu kunyang'anyana kile kidogo kilichopo. Ugogo wakati huo ilikuwa na watu wapatao 150,000, na inakadiriwa kuwa 30,000 kati yao walikufa. Mtumba, ambako leo kuna wizara na lami, imo ndani ya nchi hiyohiyo.

Mvua ilikosekana, kweli. Lakini ukame si mgeni Dodoma. Mgogo aliukabili kwa ng'ombe wake: mtama ukikauka shambani, aliswaga mifugo kwa majirani akabadilishana na nafaka. Safari hii zizi lenyewe lilikuwa limeshapungua. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopita hapa, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Julai 1916 Waingereza wakaiteka Dodoma, nao wakachukua vilevile.

Wahubiri wengi wakizungumzia imani wakati wa shida hutaja njaa na magonjwa kana kwamba vimedondoka kutoka mawinguni. Mtunya haikudondoka. Ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa mataifa yaliyoleta Biblia. Wamisionari wa CMS walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Mvumi tangu 1900. Mtu aliyebatizwa kwao alifundishwa kumpenda jirani, kisha akaona majeshi mawili ya nchi za Kikristo yakipokezana zizi lake. Kwangu mimi, hilo ni jaribu zito kuliko njaa yenyewe.

Na hakukuwa na wa kumuuliza. Wamisionari wa CMS walikuwa raia wa nchi adui, kwa hiyo Wajerumani waliwazuia Kiboriani, mlimani juu ya Mpwapwa, halafu wakawapeleka Tabora. Walikaa huko hadi Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Walimu wa Kiafrika nao walikamatwa wakishukiwa kuwapelelezea Waingereza. Mateso yao hutajwa kwa haraka sana katika historia za misheni, na hilo linanikera. Mmisionari alifungwa kwa sababu ya pasipoti. Mwalimu Mgogo hakuwa na pasipoti ya mtu. Alifungwa kwa sababu ya kitabu alichofundisha na watu aliojifunza kwao.

Angeweza kuacha. Kuacha hakukuhitaji hata tangazo, ilitosha kutorudi darasani. Lakini baada ya vita kanisa la Ugogo lilikuwepo bado, na waliolibeba walikuwa Waafrika. Mmoja wao ni Andrea Mwaka, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufanywa makasisi katika eneo hili. Wengi mjini Dodoma wanamjua kama jina la shule tu.

Siamini kwamba watu hao walinyamaza wakaitikia amina. Tumezoea kudhani kuwa Mkristo imara ni yule asiyelalamika, na dhana hiyo imewanyima wengi mahali pa kulilia. Biblia yenyewe haiko hivyo. Ayubu analalamika sura baada ya sura.

Ihumwa ni jirani wa Mtumba, kwenye barabara ileile ya kwenda Dar es Salaam. Huko ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, Mtunya ikianza. Alikuwa Mkatoliki, akawa karani, liwali, hakimu, na mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili, mtu wa bara katika sanaa ambayo watu wa pwani waliiona kuwa yao. Mwaka 1963 ilichapishwa kazi yake Utenzi wa Enjili Takatifu. Miaka miwili baadaye, miaka minne kabla ya kifo chake, ukatoka Utenzi wa Zaburi. Mtoto wa mwaka wa njaa alikaa akapanga vina na mizani kwa kitabu ambacho ndani yake watu humuuliza Mungu, tena kwa sauti, amejificha wapi.