Lebo na Daftari la Risasi: Kumbukumbu za Risasi Zilizojazwa kwa Mkono na Historia ya Nyanda za Juu Kusini, 1890–1918

1.0 Utangulizi

Risasi inayotoka kiwandani huja na historia yake: maandishi ya sanduku hueleza ni ya bunduki gani na imetoka katika fungu lipi. Ikifunguliwa na kujazwa upya kwa mkono, historia hiyo hukatika. Ganda ni lile lile, lakini baruti na fataki huenda zimebadilika, na jicho haliwezi kutofautisha risasi nzima na iliyo mbovu. Kinachobaki ni lebo ya sanduku na daftari la aliyejaza. Insha hii inachunguza suala hilo kwa kuyatazama maeneo ya Iringa na Mbeya ya leo, pamoja na tukio la Moshi linalolifafanua. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu za risasi hazikuwa kazi ya ukarani tu. Ziliamua nani apewe risasi ya kutegemewa na nani aachiwe hatari.

2.0 Gobore, Lugalo na Mkataba wa Brussels

Mwenye gobore hujaza kila mlio kwa mkono wake: humimina baruti mtutuni, huishindilia, kisha hutia risasi. Kwa kuwa anayejaza ndiye anayefyatua, kumbukumbu hukaa katika kipimo chake na uzoefu wake. Bunduki ya risasi za ganda ilivunja uhusiano huo, kwa maana mjazaji na mfyatuaji wakawa watu wawili wasiojuana.

Mabadiliko hayo yalionekana Uheheni mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliangamiza msafara wa Emil von Zelewski huko Lugalo na kuteka bunduki zipatazo 300 pamoja na risasi zake. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini akiba ya risasi za ganda haikuweza kufidiwa kwa baruti ya gobore; kila iliyofyatuliwa iliipunguza.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikuwa umeagiza kwamba silaha na risasi zinazoingia katika sehemu kubwa ya Afrika ziwekwe katika maghala ya umma, na kwamba bunduki zinazoruhusiwa ziandikishwe na kupigwa alama. Kwa hiyo, daftari la silaha liliingia katika eneo hili kama chombo cha utawala: lilikusudiwa kuhesabu silaha na kuwazuia Waafrika wasipate zile za kisasa.

3.0 Moshi, 1915: fungu na asilimia

Mfano ulio wazi zaidi wa umuhimu wa kumbukumbu ulitokea kaskazini mwa koloni. Mwezi Aprili 1915, meli ya Kijerumani iliyovunja mzingiro wa Waingereza ilizama katika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, na shehena yake ya risasi ikalowa maji ya bahari. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba risasi hizo zilifunguliwa huko Moshi, baruti ikakaushwa, na baadhi ya fataki zikabadilishwa. Kazi hiyo ilichukua miezi.

Baada ya hapo ulifuata upangaji. Risasi za zamani, ambazo hazikulowa, zilitengwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake. Mafungu yaliyojazwa upya ambayo takriban asilimia 20 ya risasi zake hazikulipuka yalipelekwa vitani, na yaliyozidi kiwango hicho yakatumika kwa mazoezi.

Mpango huo haukuwezekana bila majaribio, hesabu na alama kwenye masanduku. Hata hivyo, maana yake kwa askari ni nzito: alitumwa mbele ya adui akiwa na risasi ambazo, kwa hesabu ya wakuu wake, moja katika kila tano ingemwangusha. Daftari lililookoa bunduki za rashasha ndilo lililoidhinisha hatari yake.

4.0 Iringa na Mbeya, 1916–1918

Meli ya mwisho kuleta silaha kwa Wajerumani ilifika ghuba ya Sudi mwezi Machi 1916. Mwaka huo huo, majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland, yakaitwaa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, na kufika Iringa tarehe 29 Agosti. Mwezi Oktoba, kikosi cha Wahle kilichotoka Tabora kilipigana katika eneo la Iringa kikiwa mbali na ghala lolote la uhakika.

Katika vita hivyo, bunduki za mwaka 1871 zenye risasi za milimita 11, bunduki mpya zaidi za milimita 7.92 na zile zilizotekwa kwa Waingereza hazikuweza kushirikiana risasi. Sanduku lenye lebo potofu lilikuwa mzigo bure, na mzigo huo ulikaa kichwani mwa mpagazi kwa siku nyingi. Kosa la kalamu lililipwa kwa jasho la mtu ambaye hakulisoma wala kuliandika daftari.

Mnamo Oktoba na Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alipita Ubena na Mbozi kabla ya kusalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba. Orodha aliyoitoa ina bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno na risasi 208,000. Orodha hiyo fupi inathibitisha kwamba jeshi lake lilikuwa limeishi kwa kuteka.

5.0 Hitimisho

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, kuweka alama na kumbukumbu za silaha ndogo. Historia iliyojadiliwa hapa inaonyesha kwamba takwa hilo lina mizizi mirefu na sura mbili. Lebo humlinda anayefyatua, kwa sababu humweleza kazi ya mkono asioujua. Lakini daftari hutumikia kwanza matakwa ya anayelishika. Kwa hiyo, mtafiti wa nyaraka za silaha hana budi kuuliza zaidi ya idadi ya risasi: nani aliandika, nani aliruhusiwa kusoma, na sanduku lenye dosari lilikabidhiwa kwa nani.