Ujazo si Uwezo: Historia Linganishi ya Viwanja vya Ndege vya Afrika Mashariki, 1946–2024

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha historia ya viwanja vikuu vya ndege vya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, huku kiwanja cha Addis Ababa kikitumika kama kipimo cha nje. Hoja yake kuu ni kwamba idadi ya abiria inayotangazwa jengo jipya linapozinduliwa ni kipimo cha ujazo, ilhali taifa huahidiwa uwezo. Ujazo hupatikana kwa saruji na mkopo. Uwezo hutokana na mtandao wa safari, wataalamu na usimamizi. Makala yanaonesha kwamba Afrika Mashariki ilivunja mtandao wake mwaka 1977 na tangu hapo imekuwa ikiongeza majengo, na kwamba mkanganyo wa dhana hizi mbili umeathiri pia namna mikataba ya uwekezaji inavyojadiliwa na wananchi.

1.0 Utangulizi

Katika hotuba za uzinduzi wa viwanja vya ndege, neno uwezo hutangulia mengine yote. Jengo la abiria la Nairobi lililofunguliwa mwaka 1978 lilisanifiwa kwa ajili ya abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Jengo la tatu la Dar es Salaam, lililozinduliwa tarehe 1 Agosti 2019, lilitangazwa kuwa na uwezo wa abiria milioni 6. Upanuzi wa Bole, Addis Ababa, uliozinduliwa Januari 2019, ulikifikisha kiwanja hicho kwenye abiria milioni 22. Kiwanja kipya cha Bugesera nchini Rwanda kiliahidiwa kupokea abiria milioni 7 katika awamu ya kwanza, kwa mujibu wa makubaliano ya mwaka huohuo wa 2019.

Tarakimu hizi zikiwekwa kwenye jedwali moja hufanana na matokeo ya mashindano, na mara nyingi ndivyo zinavyosomwa. Mshauri wa sera huulizwa kwa nini nchi yake iko nyuma ya jirani, na jibu lililo jepesi ni kujenga. Lakini Kiswahili kina maneno mawili ambayo mjadala huu umeyachanganya. Debe lina ujazo: hubeba kiasi fulani, liwe limejaa au li tupu. Mtu, taasisi au nchi ina uwezo: hufanya jambo likafanyika. Tarakimu za uzinduzi hupima debe. Sehemu zinazofuata zinaifuata tofauti hii katika historia, kisha katika suala la ubora, na hatimaye katika suala la uwekezaji.

2.0 Mashirika Mawili ya Mwaka Mmoja

Mwaka 1946 mashirika mawili ya ndege yalianza kuruka katika ukanda huu. East African Airways iliundwa kuzihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake yakiwa Nairobi. Ethiopian Airlines, iliyosajiliwa mwishoni mwa 1945, iliruka kwa mara ya kwanza kwenda Cairo mwezi Aprili 1946, ikisaidiwa na kampuni ya Kimarekani ya TWA. Kwa ukubwa wa soko, shirika la Afrika Mashariki ndilo lililoonekana kuwa na mustakabali mpana zaidi, kwani lilikuwa na maeneo manne, bandari, mashamba, watalii na njia za kwenda Ulaya na Asia Kusini.

Viwanja vya makoloni vilijengwa ndani ya mantiki hiyo ya shirika moja. Embakasi ilifunguliwa Nairobi mwaka 1958. Sehemu ya kazi ya kuijenga ilifanywa na wafungwa wa kizuizini wa enzi ya Hali ya Hatari, waliokamatwa kwa tuhuma za kuunga mkono Mau Mau. Ukweli huo hauna budi kubaki katika hesabu yoyote ya gharama ya kiwanja hicho, kwa kuwa uwekezaji wake wa kwanza ulikuwa jasho lisilokuwa na hiari. Embakasi ikawa kitovu, na karakana kuu ya matengenezo ya shirika ikawekwa hapo. Entebbe na Dar es Salaam zikawa matawi ya mti uleule.

Mpango huo ulikuwa na faida ya kitaalamu na dosari ya kisiasa. Mafundi na vipuri vilikusanywa mahali pamoja, jambo lililopunguza gharama; lakini ajira na mapato navyo vilikusanyika hapohapo. Malalamiko kwamba Nairobi ilinufaika kuliko wenzake ni miongoni mwa mambo yaliyoukumba ushirikiano wa kikanda katika miaka ya 1960, na Mkataba wa Jumuiya wa 1967 ulijaribu kuyatuliza kwa kugawa makao makuu ya mashirika ya pamoja. Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa Desemba 1971, kinasomeka vizuri zaidi katika muktadha huo. Kilikusudiwa kuwafikisha watalii moja kwa moja kaskazini mwa Tanzania bila kupitia Nairobi. Mwaka huohuo wa 1971 kilianzishwa Soroti, Uganda, chuo cha urubani na uhandisi wa ndege kwa ajili ya nchi zote tatu. Hivyo, katika kipindi kimoja, kanda ilikuwa ikijenga kiwanja cha kushindana na chuo cha kushirikiana.

3.0 Mwaka 1977 na Baada Yake

Mwanzoni mwa 1977 East African Airways iliacha kuruka. Kenya Airways na Air Tanzania zikaundwa mwaka huohuo. Uganda ilikuwa imeunda shirika lake mwaka 1976. Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na mgawanyo wa mali na madeni ukakamilishwa kwa makubaliano ya 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi Victor Umbricht.

Kinachostahili kuangaliwa ni yale yaliyotokea viwanjani mara baada ya hapo. Machi 1978 Rais Jomo Kenyatta alifungua jengo jipya la Nairobi, lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mradi huo ulikuwa umepangwa wakati shirika la pamoja lingali hai, lakini ulifunguliwa likiwa limekwisha kufa. Dar es Salaam ilipata jengo lake la pili mwaka 1984, kazi ya msanifu Mfaransa Paul Andreu. Majengo yote mawili yalisifiwa, na lile la Dar es Salaam lingali linatajwa na wasanifu kwa umbo lake. Hata hivyo, kila moja lilianza kazi likiwa na mtandao mdogo kuliko ule uliokuwapo mwaka 1976. Ujazo uliongezeka katika miaka ileile ambayo uwezo wa pamoja ulipungua.

Ethiopia ilipitia misukosuko isiyo midogo: mapinduzi ya 1974, vita na njaa. Pamoja na hayo, shirika lake liliendelea kuwa moja chini ya tawala zilizotofautiana kwa kila jambo jingine. Liliendeleza chuo chake, karakana yake na njia zake. Mwaka 2017 viwanja vya nchi hiyo viliwekwa chini ya kundi moja la kampuni pamoja na shirika lenyewe. Upanuzi wa Bole uliozinduliwa 2019, uliogharimu dola milioni 363 za Marekani, ulikuja kulihudumia shirika ambalo tayari lilikuwa likiwaleta abiria wa kuunganisha safari kutoka kila upande wa bara. Jengo lilifuata mtandao. Kwingineko katika kanda, jengo limekuwa likitangulia kwa matumaini kwamba mtandao utafuata.

Ulinganisho huu haumaanishi kwamba mfumo wa Ethiopia unaweza kunakiliwa. Nchi moja yenye shirika moja hufanya maamuzi ambayo nchi tatu huru haziwezi kuyafanya bila mkataba. Maana yake ni kwamba milioni 22 za Addis Ababa na milioni 6 za Dar es Salaam si vipimo vya kitu kimoja, na kuzipanga kwenye safu moja ya jedwali ni kosa la kimantiki kabla ya kuwa kosa la kisera.

4.0 Ubora: Kinachoonekana na Kisichoonekana

Abiria hupima ubora kwa macho na miguu: urefu wa foleni, usafi wa choo, kiyoyozi. Vipimo hivyo ni halali. Lakini vipo vingine visivyoonekana. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari; hewa nyembamba hupunguza nguvu ya injini na ya mabawa, ndiyo maana njia yake ya kurukia na kutua imepita kilomita 4. Dar es Salaam, iliyo karibu na usawa wa bahari, hutosheka na kilomita 3 hivi. Njia ndefu zaidi, kwa hiyo, si dalili ya kiwanja bora. Ni gharama ya jiografia. Vilevile, kiwanja cha Gatwick karibu na London kilipitisha abiria wapatao milioni 46 mwaka 2019 kikitumia njia moja tu ya kurukia. Mpangilio wa barabara za pembeni, mafunzo ya waongozaji na nidhamu ya ratiba vilifanya kazi ambayo mahali pengine ingedhaniwa inahitaji lami mpya.

Tukio la Nairobi la tarehe 7 Agosti 2013 linaionesha tofauti ya ujazo na uwezo kuliko jedwali lolote. Moto uliteketeza ukumbi wa abiria wanaowasili. Kwa hesabu ya ujazo, sehemu hiyo ilikuwa sifuri asubuhi hiyo. Lakini safari za ndani na za mizigo zilirejea siku hiyohiyo na za kimataifa zikafuata kesho yake. Abiria walipokewa ndani ya mahema, kisha ghorofa ya chini ya jengo la kuegesha magari ikageuzwa ukumbi wa muda. Moto ulidhihirisha udhaifu wa kinga na tahadhari. Papo hapo ulidhihirisha kwamba uwezo ulikuwa umo ndani ya watu wanaojua kazi yao.

Mfano wa pili ni wa kimaandishi zaidi. Februari 2017 Kenya ilipewa Daraja la Kwanza na mamlaka ya anga ya Marekani, na tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikaanza safari za moja kwa moja kwenda New York. Daraja hilo halipimi jengo la abiria. Hupima mamlaka ya usimamizi: sheria zake, wakaguzi wake, kumbukumbu zake. Mlango wa soko kubwa ulifunguliwa na makabati ya mafaili yaliyopangwa vizuri.

5.0 Uwekezaji: Nani Analipa, na kwa Lugha Gani

Njia za kugharimia viwanja zimetofautiana sana. Kilimanjaro ilikodishwa mwaka 1998 kwa kampuni kwa miaka 25. Serikali baadaye ikazinunua hisa zote. Dar es Salaam ilijenga jengo la tatu kwa mkataba wa 2013 na kampuni ya BAM ya Uholanzi, umiliki ukibaki serikalini. Zanzibar ilikabidhi uendeshaji wa jengo lake jipya kwa dnata ya Dubai mwaka 2022. Rwanda ilikubaliana na Qatar Airways ichukue asilimia 60 ya mradi wa Bugesera, uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 1.3. Uganda ilikopa dola milioni 200 kutoka Benki ya Exim ya China mwaka 2015 kwa ajili ya Entebbe.

Mkopo wa Entebbe ulizua taharuki Novemba 2021, iliposemekana kwamba China ingekitwaa kiwanja. Mamlaka ya anga ya Uganda ilikanusha. Mkataba ulipochapishwa na watafiti wa AidData mwaka 2022, ilibainika kwamba haukuweka kiwanja chenyewe rehani. Ulichoelekeza ni kwamba mapato yalipe deni hilo kabla ya mengine, na kwamba fedha ziwekwe katika akaunti ya dhamana. Uvumi ulikosea kuhusu jengo, lakini uligusa jambo la kweli kuhusu uwezo: kiwanja ambacho mapato yake yameahidiwa kwingine kina nafasi ndogo ya kuamua matengenezo na ajira zake.

Nairobi ilipitia mjadala wa namna hiyo mara mbili. Machi 2019 wafanyakazi waligoma kupinga pendekezo la Kenya Airways kukiendesha kiwanja. Mwaka 2024 lilijulikana pendekezo la kampuni ya Adani ya India la kukikarabati na kukiendesha kwa miaka 30 kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.85. Waliolitetea walikuwa na hoja yenye uzito. Jengo la 1978 limechakaa, na mpango wa jengo kubwa la abiria milioni 20, lililozinduliwa ujenzi wake mwaka 2014, ulikuwa umefutwa mwaka 2016. Fedha zingetoka wapi? Waliopinga waliuliza kuhusu ushindani wa zabuni, usiri na hatima ya ajira. Wafanyakazi waligoma tarehe 11 Septemba 2024, siku mbili baada ya Mahakama Kuu kuusimamisha mchakato huo. Tarehe 21 Novemba Rais William Ruto alitangaza kuufuta, baada ya mashtaka kufunguliwa Marekani dhidi ya mwenyekiti wa kampuni hiyo.

Katika mabishano hayo, upande mmoja ulishikilia kwamba kiwanja hakiuzwi bali kinakodishwa; wa pili ulisema kimeuzwa. Kisheria, kukodisha si kuuza. Lakini mwananchi aliyesema kimeuzwa hakuwa lazima mjinga wa sheria. Alikuwa akiuliza nani ataamua nauli, tozo na kazi kwa miaka 30, na hakuwa na hati iliyoandikwa kwa lugha aitumiayo ya kumjibu. Pale ambapo mkataba huandikwa kwa Kiingereza na mjadala wake hufanyika kwa Kiswahili, pengo kati ya lugha hizo mbili hujazwa na uvumi.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyopitiwa inaonesha kwamba tangu 1977 nchi za Afrika Mashariki zimejilinganisha kwa majengo, na kila jengo limesanifiwa kana kwamba nchi yake pekee ndiyo itakayokuwa kitovu. Vitovu haviwezi kuwa vinne katika soko moja, hasa pale Addis Ababa, Doha na Dubai zinapowachukua abiria walewale.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, nyaraka rasmi zitenganishe ujazo na uwezo: pamoja na idadi ya abiria ambayo jengo linaweza kuwapokea, zitajwe idadi ya safari zinazounganishwa, muda wa abiria kupita katika saa za msongamano, na hali ya wakaguzi na waongozaji. Pili, Wakala wa Usalama wa Anga wa Jumuiya ulioko Entebbe upewe jukumu la kukusanya takwimu hizo kwa kipimo kimoja, ili mshauri wa Kampala na wa Dodoma wasome jedwali lenye maana moja. Tatu, kwa kuwa Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya tangu 2021, muhtasari kamili wa kila mkataba wa kiwanja utolewe kwa Kiswahili kabla haujatiwa saini, ukieleza muda, mapato, ajira na mahali pa kusuluhisha migogoro.

Pendekezo la tatu ndilo lisilohitaji mkopo. Linahitaji wafasiri wa sheria, istilahi zilizokubaliwa, na serikali zilizo tayari kueleweka. Mawili ya kwanza kati ya hayo ni kazi ya wataalamu wa Kiswahili, na muda wa kuifanya ni sasa, kabla zabuni inayofuata haijatangazwa.