Maneno ya Kiingereza yaliyofichika katika herufi za Kwale

MPE mwanafunzi wa Msambweni herufi tano, K, W, A, L na E, zinazounda jina la makao makuu ya kaunti yake, kisha umwulize ni maneno gani ya Kiingereza yanayoweza kutolewa humo. Aghalabu ataanza kuzitamka kwa silabi: ka, la, wa, ke, le. Baada ya dakika chache atanyamaza.

Si upungufu wa akili. Kiswahili, sawa na Chidigo na Chiduruma zinazosemwa katika kaunti hiyo, huandikwa jinsi kinavyotamkwa, na maneno yake karibu yote huishia kwa irabu. Kiingereza hakina adabu hiyo. Hukamilisha maneno kwa konsonanti, hurundika konsonanti mbili au tatu mwanzoni, na huandika hata herufi ambayo hakuna anayeitamka. Kwa hiyo anayetafuta kwa sikio hupotea. Hana budi kutafuta kwa jicho.

Hatua ya kwanza ni kutenga irabu na konsonanti. Katika KWALE zimo irabu mbili tu, A na E, na Kiingereza kina njia mbili kuu za kuzitumia. Ama huziweka bega kwa bega, EA, ama hutia konsonanti kati yake na kuiacha E mwishoni, ikiwa bubu. Kwa njia ya kwanza tunapata LEAK, yaani kuvuja, WEAK, dhaifu, na WEAL, alama ya kiboko iliyovimba ngozini. Tukiihamisha E hadi mwishoni tunapata LAKE, ziwa, WAKE, kuamka, KALE, mboga jamii ya sukumawiki, na WALE, ambalo maana yake ni ileile ya WEAL.

Tazama tena hayo manne ya mwisho. Lake, wake, kale, wale: yote ni maneno ya Kiswahili tangu zamani, yenye maana nyingine kabisa. Hapa ndipo mtego ulipo. Msomaji wa Kiswahili huyapita bila kuyaona, kwa kuwa jicho lake limekwisha kuyasoma kwa lugha yake. Hata LEA, ambalo kwetu ni kumtunza mtoto, kwa Kiingereza ni uwanda wa majani. Anayetaka kufaulu hana budi kulishuku kila neno analolifahamu, ajiulize kama Waingereza nao wanalo.

Je, lipo neno linalotumia herufi zote tano? Lipo, nalo halikuzaliwa Uingereza. Ni KWELA, muziki wa filimbi uliovuma katika vitongoji vya Afrika Kusini miaka ya 1950, ambao jina lake linatokana na neno la Kizulu lenye maana ya kupanda. Ni ndugu wa damu wa kitenzi chetu kwea. Kwa mji uliokaa juu ya milima ya Shimba, hilo ni jina linalofaa kuliko hata mbunifu wa mafumbo angalivyotarajia.

Diani ni kisa kingine. Herufi zake tano, moja ikiwa imerudiwa, zikipangwa upya hutoa INDIA, nchi iliyo ng'ambo ya bahari inayopiga fukwe zake. Katika chemshabongo za magazeti jibu hilo lingekubaliwa. Katika michezo mingi ya ubaoni lingekataliwa, kwa sababu majina ya nchi, miji na watu hayahesabiwi.

Idadi ya herufi ikiongezeka, kubahatisha hakufai. Herufi tano za KWALE zaweza kupangwa zote kwa namna 120. Zile tisa za MSAMBWENI, zenye M mbili, zina namna 181,440. Hapo mtafutaji huanzia miisho na mianzo inayozoeleka. S huweza kuongezwa mwishoni: NAME huwa NAMES, BEAM huwa BEAMS, BEAN huwa BEANS. SW mwanzoni huleta SWIM, kuogelea, na SWAM, tendo hilo hilo likiwa limepita. BASIN, beseni, nalo limo. Lakini SEEN halikubaliki, maana herufi hutumika mara zile tu ilizotolewa, na E ni moja.

Kompyuta haifanyi ubunifu wowote katika kazi hii. Huzipanga herufi za kila neno la kamusi kialfabeti, kisha hulinganisha. KWALE na KWELA yote hugeuka AEKLW, basi yamekutana. Kwa kalamu pia mbinu hiyo yawezekana, na huondoa lile jina lililozoeleka linalozuia jicho.

Wingi wa herufi nao hufaa kujulikana. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi, alibuni katika miaka ya 1930 mchezo uliokuja kuitwa Scrabble, akihesabu herufi katika kurasa za magazeti. Katika vipande 100 vya mchezo huo wa Kiingereza, E zimo 12 na A zimo tisa. K, ambayo Kiswahili hakiwezi kupumua bila yake, ni moja tu. Anayetaka kuandika KIKOI, neno lililokwisha kuingia katika kamusi za Kiingereza pamoja na safari, askari na matatu, hulazimika kutumia kipande kitupu.

Kwa watoto wa Kwale jambo hili si la kupitishia wakati tu. Sera ya elimu ya Kenya huruhusu lugha ya mazingira katika madarasa matatu ya mwanzo. Kutoka la nne, hisabati na sayansi hufunzwa kwa Kiingereza. Mtoto anayeandika WAKE akikusudia WEAK amekosea somo zaidi ya moja. Kuzihamisha herufi hizo nne kwenye karatasi humwonyesha tofauti ambayo sikio lililozoea Kiswahili halimpi.

Atakayependa kujipima aanze na UKUNDA. Irabu ni tatu, U ikiwa mbili, na dokezo ni NK mwishoni. Majibu mawili ni DUNK, kuchovya, na DANK, yenye unyevu na baridi.