Kuzima Kromu Hakukuanza na Nyinyi

Kila gari la kijana hapa Malindi sasa hivi limezimwa kromu. Pita Barabara ya Lamu jioni uhesabu mwenyewe: Probox grili nyeusi, Noah nembo nyeusi, Demio ya mtu ambaye hata inshuarensi hajalipa lakini vishikio vya milango vimepigwa nyeusi tii. Ukiuliza, unaambiwa ni staili mpya, imetoka Dubai, wewe hujui mambo. Sawa bana. Ila hii "mpya" ina zaidi ya miaka 80, na ilianza kwa amri ya serikali, wala si kwa mtu kutaka kupendeza.

Tuanze na kromu yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani bampa la zamani ni kromu mpaka ndani. La. Ndani ni chuma. Juu ya chuma hupakwa shaba, halafu nikeli, halafu kromu ndio ya mwisho, na mara nyingi unene wake haufiki hata maikroni 1. Unywele wa kichwa chako una maikroni kama 70 hivi. Yani kile kitu kinachong'aa mpaka unajiona meno ni utando mwembamba kuliko moshi, karibu niseme. Magari yalianza kuvalishwa kromu miaka ya 1920. Kabla ya hapo yalikuwa na nikeli tupu, nayo hufifia, kwa hivyo mwenye gari alikuwa mtumwa wa kitambaa na dawa ya kung'arishia. Kromu ilipendwa kwa sababu ya uvivu wetu sisi binadamu, wala sioni vibaya.

Shida ni kwamba ule utando una nyufa ndogo mno, jicho halizioni. Na sisi tunaishi wapi? Kusi ikivuma inaleta chumvi, kaskazi ikivuma inaleta chumvi. Maji ya chumvi yanapenya kwenye nyufa, yanafika kwenye nikeli, yanafika kwenye chuma, kutu inafura kutoka chini na kromu inabanduka kama ngozi ya aliyeungua jua. Mtu wa Nairobi ana bampa la mwaka 1975 linang'aa mpaka leo. Hapa, hata usiulize.

Na wazee wetu walikuwa na mtihani zaidi. Kabla ya Daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, gari lililotoka Mombasa kuja Malindi lilivuka mkono wa bahari pale Kilifi kwa feri. Piga hesabu matatu iliyokuwa ikivuka kila siku, mwaka baada ya mwaka. Babu yangu mzaa mama alikuwa na Peugeot 404 ya kubebea nazi, jamii ile ile iliyoshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na alijisifia ushindi ule kana kwamba ni yeye alikuwa kwenye usukani. Bampa lilipoanza kutoboka, alinunua kopo la rangi ya silva na brashi ya kupakia madirisha akalipaka mwenyewe. Kila Idd, mkono mmoja. Mwisho bampa lilikuwa rangi tupu, chuma kimebaki jina. Kwa hivyo yeye alipaka kromu rangi ili ionekane bado ni kromu, na mimi wa leo napaka kromu isionekane kabisa. Sijui nani kati yetu ana akili.

Sasa amri ya serikali. Oktoba 1940, ndege za Italia zilirusha mabomu hapa hapa Malindi. Ndio, Malindi hii ya pizza na aiskrimu. (Waitaliano walirudi baadaye kwa heri zaidi: mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka jukwaa lao la San Marco baharini pale Ngomeni, na mahoteli mnayajua.) Vita vilipokuwa vikali hivyo, kitu kinachong'aa kwenye gari la jeshi kilikuwa hatari. Jua la huku likipiga kioo au chuma kilichosuguliwa, rubani anaona mmweko kutoka mbali. Ndio maana gari la jeshi hupakwa rangi iliyofifia, kuanzia taa mpaka vifuniko vya magurudumu, na mpaka leo gari la KDF huwezi kujitazama ndani yake ukachana nywele.

Uingereza kwenyewe walifanya kinyume, na hapa ndipo ninapopenda. Usiku taa zote zilizimwa kuwaficha wasionwe na ndege za Ujerumani, watu wakawa wanagongwa na magari gizani. Serikali ikataka bampa na mbao za kukanyagia zipigwe rangi nyeupe ili mtu wa miguu aone kitu kinakuja. Vita kimoja, huku ng'aro inafichwa usionekane, kule inafunikwa ili uonekane.

Marekani sababu yao ilikuwa nyingine kabisa: madini. Kromu huingia kwenye chuma cha pua na chuma cha deraya, na nchi nyingi zililazimika kuiagiza kutoka Uturuki, Afrika Kusini na Zimbabwe ya leo. Kuanzia Januari 1942 viwanda vya magari vya Marekani vilikatazwa kuweka mapambo ya kromu, bampa peke yake ndio zikaachiwa. Na kiwanda kilichokuwa na mapambo tayari stoo kilitakiwa kuyapaka rangi juu, ili kisimringie mwenzake. Fikiria hiyo: kromu ipo, nzima, mpya, halafu unaifunika kwa rangi kwa sababu ya sheria. Mwezi uliofuata, Februari, magari ya raia yalisimamishwa kutengenezwa kabisa. Wakusanyaji wa leo huyatafuta yale magari yaliyozimwa kromu kama lulu.

Kwetu pia serikali imewahi kushika brashi. Nyinyi wadogo hamkumbuki, lakini sheria za Michuki za Februari 2004 zilizifanya matatu za nchi nzima zijichore mstari wa manjano, na michoro yote ya mbwembwe ikafunikwa. Mpaka Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliposema vijana waachiwe wachore. Miaka kumi kijana mwenye kipaji cha kuchora anapaka mstari mmoja wa manjano, basi. Leo ona tuktuk za Malindi zilivyojaa maneno, utaelewa ile kiu ilikuwa ya nini.

Maoni yangu kuhusu nyeusi? Kama gari lako ni la miaka ya karibuni, ile kromu ya grili mara nyingi imepakwa juu ya plastiki. Haina kutu, kwa hivyo usiniambie unazuia chumvi, sema unataka swaga na tutaelewana. Bandika stika, au piga ile rangi ya mpira inayobanduka, ukichoka unarudisha. Lakini gari la zamani lenye kromu ya chuma, ukipuliza rangi juu ya kutu umeifunika uji na moto bado unawaka chini. Lazima kutu isuguliwe iishe, kromu ikwaruzwe na msasa mpaka ipoteze mng'aro, ipigwe praima ya kung'ata chuma, ndipo rangi. Bila hivyo miezi michache inatoka kama ganda la yai. Na wauzaji magari wa siku hizi wanajua hilo. Ukiona gari kuukuu limezimwa kromu freshi wiki ya kuuzwa, inama chini ya bampa, gonga kwa kidole.

Kitu kinachoniuma zaidi ni mafundi. Rangi za kuchanganya na dawa ya kukausha, zile zinazokauka ngumu na kung'aa, nyingi zina isosianeti. Hiyo ikiingia kifuani inaleta pumu, na ikishakupata hata harufu kidogo inakubana. Binamu yangu ana miaka 19, anajifunza sprei kwenye gereji moja ya jua kali huku Kilifi, siku nzima kazi ni kuzima kromu za wateja, na kinga yake ni fulana aliyoifunga puani. Fulana haizuii mvuke. Barakoa ya hospitali pia haizuii. Inayotakiwa hasa kwa rangi hizo ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba; ile ya mpira yenye vichujio vya makaa pembeni ni afadhali tu kuliko fulana, na vichujio hubadilishwa. Bosi wake anasema wanaume wa zamani hawakuvaa, naye anasema hayo akikohoa.

Nilimnunulia moja mwezi uliopita. Anadai anafanana na nzi. Anaivaa lakini, na Jumatatu ana bampa la Prado la kuzima.